Tusiuige Mlima Pinatubo
Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka mwezi wa Juni 1991, ukarusha hewa ya kibiriti tani zipatazo milioni 15 hadi tabaka la anga lililo juu ya mawingu, ambako mvua haifiki kuisafisha, hewa ile iligeuka matone madogo mno ya asidi yaliyotandaa duniani kote na kuirudisha sehemu ya nuru ya jua ilikotoka, hata wastani wa joto la dunia ukapungua takriban nusu digrii. Jivu, ambalo wengi hulidhania ndilo sababu, aghalabu huanguka upesi.

Kwa taathira hiyo, wako wanazuoni wanaoshauri kwamba binadamu naye arushe kibiriti angani kwa ndege. Rai hiyo siiafiki. Mwaka 1992 mvua za nchi kavu zilipungua dhahiri, na mkulima aitegemeaye masika hafidiwi mvua kwa ubaridi. Tena matone yale hudumu mwaka mmoja au miwili tu, ilhali kaboni ya viwandani hukaa karne nyingi, basi atakayeianza kazi hiyo hataweza kuiacha ila joto lililozuiliwa lirejee kwa ghafula. Na nani atakabidhiwa mamlaka ya kuwapimia watu wote jua lao?