Baba Ameweka Ahadi ya Mwaka Mzima

Barua ya juma hili yatoka upande wa Biharamulo. Imeandikwa na mama wa watoto sita, kwa mwandiko safi, naye ameomba jina lake lisitajwe. Basi halitatajwa. Mumewe ana miaka 52, ana shamba, lakini siku nyingi hushinda dukani kwake. Mwaka jana alipimwa akaonekana ana presha. Alipewa vidonge, akaambiwa apunguze chumvi, tena atembee. Ilipofika Januari akatangaza mbele ya watoto wote wakiwa wanakula: kwa mwaka mzima, siku moja katika kila juma, atakwenda kwa miguu mahali ambapo hajapata kufika, kwenda na kurudi, bila kupanda pikipiki. Safari 52, sawa na umri wake. Mvua inyeshe, jua liwake.

“Mpaka leo amekwenda safari saba,” aandika mama huyo. “Majirani wanamcheka. Mimi nauliza, mtu mwenye shamba atatembeaje bure? Na masika yakija itakuwaje? Je, nimzuie?”

Mama, usimzuie. Lakini pia usimwache aende hivi hivi tu.

Hilo neno “bure” nalielewa sana. Kwetu kutembea si mchezo, ni kazi. Mwanamke aliyekwisha panda kilima mara mbili tangu alfajiri, ndoo kichwani na mtoto mgongoni, haoni maana ya kukipanda mara ya tatu ili atazame mandhari. Majirani wana haki ya kucheka kidogo. Lakini wakimaliza kucheka waitazame miguu yao wenyewe. Zamani mtu wa Rulenge akiwa na shauri Ngara mjini aliondoka nyota zingali juu, na hakuna aliyemwona shujaa. Leo kijana mwenye nguvu hungojea bodaboda impeleke kununua kiberiti. Sisemi pikipiki ni mbaya. Mama wangapi wenye uchungu wa kuzaa wamefikishwa hospitali usiku kwa pikipiki? Nasema kwamba wanaume, hasa wa dukani na wa maofisini, wameikabidhi miguu yao, hali wake zao bado wanachota maji kama walivyochota mama zao.

Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kila juma za kutembea kwa haraka au kazi inayofanana na hiyo. Wewe mama, nadhani wazimaliza kabla ya Jumatano. Mumeo akiwa kwenye kiti chake nyuma ya mizani hazimalizi hata kwa mwezi. Kwa hiyo hatembei bure. Anatumia dawa aliyoandikiwa.

Sasa tuone ni ahadi ya namna gani. Watu husema kutembea mwendo mrefu ni mambo ya Wazungu. Hasha! Mmoja wa wenda kwa miguu wakubwa waliopata kupita nchi hii ni Mwafrika, Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Myao, akauzwa utumwani angali mtoto, akapelekwa Bara Hindi, na bwana wake alipokufa akapata uhuru akarudi Afrika. Mwaka 1861, katika mvua za vuli, alifika Usui, nchi ya Wasubi, upande wenu huo wa Biharamulo, akiwa na Waingereza Speke na Grant waliokuwa wakitafuta chanzo cha Nile. Mtemi Suwarora akawakalisha siku nyingi wakidaiwa hongo. Baadaye Bombay alikwenda na Stanley mpaka Ujiji, mwaka 1871, tena na Cameron toka Bagamoyo mpaka bahari ya magharibi kule Angola, miaka ya 1873 mpaka 1875. Jumuiya ya Jiografia ya London ilimpa nishani ya fedha. Huyo Grant aliandika kitabu akakipa jina la safari ya miguu kukatiza Afrika, ingawa mguu ulimwuma, akalazwa Karagwe miezi kadhaa na kuondoka huko juu ya machela. Waliobeba machela hawakuandika kitabu.

Basi Bombay na wapagazi walitembea kwa mshahara. Wengine wametembea kwa shauri la nchi: Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitoka Butiama akaenda Mwanza kwa miguu, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Mahujaji wanaokwenda Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi, tarehe 3 Juni, hutembea kwa imani, nao wanajua kwamba siku fulani watafika na kupiga magoti.

Na wako waliotembea kwa hofu. Sisi wa Ngara hatuwezi kuzungumza habari za miguu tukaliruka jambo hili. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Ilikuwa katikati ya masika. Walikuja na magodoro, vyungu, mbuzi, na wazee waliobebwa, wakaelekea Benako. Kilima kilichokuwa na nyasi jana yake kikawa mji. Desemba 1996 barabara hiyo hiyo ikajaa tena, safari hii wakirudi kwao. Watu wazima wa vijiji vya huko wanaikumbuka sauti ya miguu ile. Mumeo akifika Rusumo katika safari zake, asimame kidogo juu ya maporomoko. Maji ya Ruvubu, yatokayo Burundi, yamekwisha kuingia katika Kagera hapo karibu, nayo yote huenda Ziwa Viktoria na mwishowe Misri. Siku hizi yanazungusha pia mitambo ya umeme ya megawati 80, wanayogawana Tanzania, Rwanda na Burundi. Mahali hapo pana mengi ya kufikiri kwa mtu anayetembea kwa kupenda mwenyewe.

Maana tazama, mama: mumeo halipwi, hatumwi, hafukuzwi, wala hakuna mahali pa kufika. Safari ya 52 haitakuwa na kengele. Kitu pekee kinachomtoa nyumbani ni neno alilosema mbele ya watoto wake. Neno la namna hiyo huwa jepesi mno mwezi wa Februari, wakati njia ni kavu. Huanza kuwa zito Aprili, alfajiri, mabati yakipigwa na mvua na blanketi likiwa na joto.

Nchi za Ulaya na Marekani wana majira ya theluji, na huko watu wengi wenye ahadi kama hii hukwama hapo. Bibi mmoja Mmarekani, Emma Gatewood, mama wa watoto 11 na bibi wa wajukuu 23, mwaka 1955 akiwa na miaka 67 alitembea peke yake njia ya milima ya Appalachia, zaidi ya kilomita 3,200. Alivaa viatu vya turubai, akabeba mfuko aliojishonea, na kujikinga mvua alitumia pazia la plastiki la bafuni. Nampenda bibi huyu. Lakini hata yeye alianza Mei na kumaliza Septemba, kabla baridi haijashuka. Sisi hatuna theluji. Tuna asubuhi za Juni na Julai juu ya milima ya Ngara, ukungu umejaa mabondeni na vidole vinakufa ganzi, lakini saa nne jua limekwisha toka, na hiyo ni baridi ya kutembea vizuri kuliko zote. Mtihani wetu ni mvua: Machi mpaka Mei, tena Oktoba mpaka Desemba. Ukihesabu, karibu nusu ya safari zake zitakuwa za matope.

Kwa hiyo mwambie haya, au mpe gazeti asome mwenyewe.

Masika yakiingia afupishe njia, asifute siku. Aliyezoea saa tano aende saa mbili. Aondoke mapema, kwa kuwa mara nyingi wingu hukusanyika mchana. Akisikia ngurumo ashuke kilimani mara moja, asisimame chini ya mti ulio peke yake, wala asingojee kuuona umeme wenyewe. Radi imeua watu wengi wa kanda hii ya ziwa. Nyumba ikiwa karibu abishe hodi, hakuna atakayemfukuza, na akae mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Kijito kilichofurika, maji yakipita magoti na kwenda kwa kasi, arudi alikotoka. Kurudi ni safari vilevile, ihesabiwe. Kandokando ya Ruvubu na Kagera kuna viboko na mamba, na mafunjo huwaficha.

Jambo lingine kwa mtu wa Biharamulo hasa. Mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, kilomita za mraba 4,707. Si mahali pa kukatiza njia. Mwenye kutaka kuingia apitie langoni, alipe, afuate wenyeji wa hifadhi. Najua wengine watanung’unika kwamba baba zao walirina asali humo. Ni kweli, walirina. Lakini tembo na askari wa hifadhi hawaulizi habari za baba yako. Hata barabara kubwa zinazopita porini, kutoka Lusahunga kwenda huku na huku, asizitembee peke yake. Kwa nini, tena? Milima ya Nyakahura ipo, vijiji vya Nyakanazi vipo, hata boma la Wajerumani pale Biharamulo mjini, ambalo watu wengi hulipita kila siku ya soko wasilitazame. Ngara nako, vilima vya Bugufi na migomba yake na kahawa, mtu aweza kuvimaliza kwa mwaka? Nami nasema hawezi.

Vidonge vyake asiviache. Wapo watu ambao baada ya miezi mitatu ya kutembea hujisikia wepesi wakadhani wamepona, wakatupa dawa. Kupunguza au kuacha ni shauri la daktari baada ya kupima. Akishikwa na maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kumkata mlimani, akae chini, asijikaze kiume, na atafute zahanati siku hiyo hiyo. Kila aendapo, wewe mama ujue ameshika njia gani na atarudi saa ngapi.

Sasa nakuja kwenye shamba, maana naona ndiko kulikokuuma zaidi, ingawa umeliandika kwa mstari mmoja tu.

Mwezi wa palizi mume hawezi kutwaa siku nzima kwenda kutazama vilima, huku mke na watoto wameinama katika maharage. Hiyo siyo afya, ni uvivu wenye viatu. Mpatane siku, tena mapema, ile ambayo kazi ni ndogo. Siku atakayotembea amalize kwanza sehemu yake ya jembe, au ailipe kesho yake, na watoto waone analipa. Tena nina shauri ambalo huenda likamfurahisha na huenda likamkera. Mwongeze sharti moja: katika kila safari nne, moja iwe ni njia yako wewe. Achukue ndoo aende kisimani mara zote unazokwenda wewe kwa siku hiyo. Achukue mtoto mgongoni mpaka kliniki. Amesema atakwenda mahali ambapo hajapata kufika. Basi kama katika miaka yote ya ndoa yenu hajafika kisimani na ndoo, kisima chahesabiwa.

Na awe na daftari. Daftari la shule la watoto latosha. Kila safari mistari mitano au sita: tarehe, alikotoka na alikofika, hali ya mvua, jina la kilima au kijito kama wazee wa mahali hapo wanavyokiita, na mtu aliyekutana naye. Hilo la majina nalisisitiza. Wasubi na Wahangaza walikipa jina karibu kila kilima na kila bonde, na majina mengi hayamo katika ramani yoyote. Yamo katika vichwa vya wazee wachache wanaokaa uani wakiota jua. Mtu mwenye safari 52 za kuuliza majina atakuwa na mali nyumbani. Mmoja wa watoto amwandikie jioni, baba akisimulia. Hapo watoto watajua pia kama neno lake linakwenda ama limelala.

Mwisho, usilete hesabu ya deni. Akiugua juma moja, au mkiwa na msiba, juma hilo limepita. Asije akatembea safari mbili kwa siku moja ili hesabu itimie, miguu ya miaka 52 haikubali.

Wasomaji wengine watatu wameuliza habari za viatu: kandambili za tairi, mabuti ya mvua, au raba za mtumba? Nafasi imekwisha. Nitawajibu juma lijalo, nikipata kwanza maoni ya watu wanaopanda na kushuka Murgwanza kila siku.