Wauza Petroli Wapimwe Damu

Katika barabara kuu ya Kenya inayopita Rongo na Migori kuelekea mpakani Isebania, malori na bodaboda hujaza mafuta mchana na usiku. Mhudumu wa pampu, mara nyingi bila glavu, huinama kuchungulia tangi linapokaribia kujaa. Petroli inayoingia husukuma mvuke nje, nao humpiga usoni.

Mvuke huo una benzini. Kemikali hiyo huingia damuni kupitia mapafu, na mtu akiivuta miaka mingi inaweza kuharibu uboho, pale damu inapotengenezwa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, lilitangaza mwaka 2012 kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani. Mwaka 2025 likaongeza petroli ya magari, likitaja saratani ya kibofu na aina moja ya saratani ya damu.

Ufuoni Homa Bay na Mbita hatari huja kwa njia nyingine. Petroli ya mashine za boti hubebwa kwa mitungi, na wapo wanaoinyonya kwa mpira ili ianze kutiririka. Ikiteleza kidogo tu ikaingia mapafuni, huleta nimonia inayoweza kuua. Mafundi wa pikipiki nao huondoa grisi mikononi kwa petroli hiyohiyo, wakidhani wananawa, kumbe ngozi inaifyonza.

Sheria ipo. Ile ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga bila kumtoza senti. Lakini barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa petroli, hivyo mwenye kituo asidhani akiigawa amemaliza kazi. Anayeshika pampu mwaka mzima anastahili kupimwa hesabu ya chembe za damu kila mwaka, kwa gharama ya mwajiri. Ni kipimo cha kawaida hospitalini, na kinaweza kuonyesha mapema kwamba uboho umeanza kulegea. Wakaguzi wa serikali waanze kudai rekodi za vipimo hivyo, wasiishie kukagua vizima moto.

Nawe dereva, pampu ikijikata yenyewe, tosheka. Usimlazimishe mhudumu ajaze hadi mdomoni mwa tangi, maana mvuke wa tone hilo la mwisho anauvuta yeye.