Goti Si Pancha

Wako watu, na ni wengi kuliko msomaji anavyofikiri, wanaoamini kwamba mtu akibadilishwa goti amefanyiwa kazi ileile anayofanyiwa baiskeli kwa fundi: kipuri kibovu kimetolewa, kipya kimetiwa, nati zimekazwa, kilichobaki ni kupanda na kukanyaga pedeli. Watu hawa si wajinga. Wamo walimu, wamo wazee wa kanisa, wamo hata wauguzi. Ndio hao wanaofika nyumbani kwa mgonjwa wiki ya saba, wakamkuta amelala saa nane mchana, wakasema kwa huruma yenye sumu ndani yake: "Bado tu?" Maneno hayo mawili ndiyo ninayoyapinga hapa.

Kwanza tuelewane juu ya kazi inayofanyika katika chumba cha upasuaji, maana wengi wanaosema "bado tu" hawajapata kuelezwa. Paja hufungwa mkanda wa kukaza ili damu isimwagike. Goti hupasuliwa kwa mbele, na kilegesambwa, kile kifupa cha mviringo, husukumwa kando. Kisha daktari huchukua msumeno, naam, msumeno, akakata ncha ya mfupa wa paja na kichwa cha mfupa wa muundi. Paja huvikwa kofia ya chuma, muundi huwekewa kisahani cha chuma, na katikati huwekwa plastiki ngumu ya kuteleza mahali pa gegedu lililolika. Mara nyingi vyote hushikizwa kwa saruji ya kitabibu. Halafu nyama na ngozi hurudishwa na kushonwa. Hayo yote hufanyika kwa saa moja au mbili, na nadhani ufupi huo wa saa ndio unaowadanganya watu.

Kazi yenyewe haikuzaliwa kwa haraka. Mwaka 1890 daktari mmoja wa Berlin, Themistocles Gluck, alimwekea msichana goti la pembe ya ndovu. Magoti yake hayakudumu, kwa kuwa aliowatibu walikuwa na kifua kikuu cha mifupa na usaha ulirudi. Goti ambalo ndilo mzazi wa haya ya leo lilitokea New York mwaka 1974. Ni miaka themanini na minne. Sayansi ilihangaika miaka yote hiyo, na jirani yangu hapa Maji ya Chai ananihesabia siku arobaini na mbili!

Mimi niliwekewa goti la kushoto mwezi Mei mwaka 2022, nikiwa na umri wa miaka 67. Kesho yake asubuhi nilisimamishwa na kutembezwa hatua sita kwa fremu. Nilirudi nyumbani wakati wa baridi yetu ya Juni, ukungu umeshuka kutoka mlimani mpaka barabarani na matope yametanda kati ya migomba. Maumivu niliyatarajia, kwa kuwa kila mtu huyasema. Lililonikuta bila kuelezwa ni uchovu. Nilikuwa nikimenya ndizi tano za mtori, ya sita inanishinda. Nikioga, narudi kitandani kupumzika kwa sababu ya kuoga. Nilijaribu kusoma gazeti, nikakuta nimesoma aya moja mara tatu na sijui inasema nini. Mwezi wa tatu bado nilikuwa nikilala mchana kama mtoto mchanga, na usiku nikikesha nikitafuta namna ya kuuweka mguu.

Uchovu huo una sababu zake, wala si siri. Ule mkanda wa paja ukishafunguliwa damu huendelea kuvuja ndani ya nyama kwa siku kadhaa, na mgonjwa hubaki na upungufu wa damu asiouona. Mwili unajenga mfupa na nyama, na ujenzi huo unakula chakula na nguvu. Usingizi umekatikakatika. Dawa za maumivu zinalewesha na kufunga choo. Tena misuli ya mbele ya paja, goti likivimba, hugoma kufanya kazi hata ukiiamuru, na mtu anayetembea kwa mguu uliogoma hutumia nguvu nyingi kwa kila hatua. Jumlisha hayo yote kwa mtu wa miaka sitini na kitu. Halafu niambie kama neno lake ni "uvivu".

Madaktari wenyewe, ukiwauliza vizuri, hawasemi wiki sita. Wanasema kwamba baada ya wiki sita wengi huweza kuacha magongo na kufanya kazi ndogo za nyumbani. Uvimbe na joto la goti huweza kuendelea miezi sita au zaidi, na nguvu na wepesi huendelea kurudi kwa mwaka mzima, pengine kupita hapo. Aidha, tafiti za Ulaya na Amerika zinaonyesha kuwa hadi mmoja katika kila watano hamalizi akiwa ameridhika na goti lake. Hii "wiki sita" ni kama kauli ya kondakta kwamba gari linaondoka sasa hivi. Ina ukweli wake, lakini usiage watu kwa sababu yake.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote. Watu wetu wanajua kumpumzisha mtu. Wanajua sana! Nilipojifungua kifungua mimba wangu mwaka 1979, mama mkwe wangu alinifungia ndani miezi mitatu. Sikushika jembe, sikuchota maji, sikuinama kupuliza moto. Nililetewa mtori wa nyama, supu ya mbuzi na maziwa, na nikiacha bakuli halijaisha nagombezwa. Wageni walipofika hawakuuliza, "Bado tu?" Waliuliza, "Anakula vizuri?" Na mzazi aliyetoka ndani amekonda, aibu haikuwa yake, ilikuwa ya ukoo. Jirani zetu Wachaga nao hivyohivyo, na watu wa pwani wana arobaini yao. Hakuna aliyehitaji kusoma udaktari ili kuelewa kwamba mwili uliofunguka na kumwaga damu unadai muda, chakula na mikono ya wengine.

Je, mwili huo ukizeeka unaacha kudai? Mfupa uliokatwa kwa msumeno una haki ndogo kuliko tumbo lililozaa? Tumekubali kwamba mapumziko ni ya yule anayeleta mtoto, kwa sababu ukoo unapata faida. Bibi aliyekwisha kuzaa na kulea, akikatwa mguu ili apate kutembea tena, faida inayoonekana ni yake mwenyewe, basi mapumziko yake yanaitwa anasa. Nasema hili kwa uchungu, lakini sioni maelezo mengine.

Na hapo inaingia michango. Goti ni ghali. Asiye na bima ya kutosha huchangiwa na watoto, ndugu, jumuiya na kikoba. Ni jambo jema, na bila hilo wengi wetu tungebaki na yabisi mpaka kaburini. Lakini anayetoa elfu hamsini kwa goti la shangazi yake mara nyingine hujiona amenunua hisa. Hupita kukagua. Mmoja wa jamaa zangu, simtaji, alisimama mlangoni mwangu mwezi wa pili akasema, "Shikamoo shangazi. Tulidhani tutakukuta shambani." Nikamwitikia marahaba, na nikamwonyesha kiti. Nilikuwa na jibu jingine, lakini alikuwa ameleta sukari.

Ubaya wa maneno hayo si kwamba yanaumiza moyo tu. Yanaumiza goti. Namfahamu mama mmoja wa huku juu, njia ya Ngurdoto, aliyefanyiwa upasuaji kama wangu. Wakwe zake walimsema mpaka akachoka. Wiki ya nane, siku ya soko, alijitwisha mkungu wa ndizi kwenda barabarani kutafuta gari la Tengeru. Njia ilikuwa telezi. Alianguka, kidonda kikafunguka, akarudi wodini na kukaa humo siku nyingi kuliko za mara ya kwanza. Waliomsema ndio waliochangishwa tena. Hesabu hiyo wameielewa vizuri kuliko maelezo ya daktari.

Lawama zisiishie kwa majirani. Maelekezo tunayopewa tukitoka hospitali huonekana yameandikiwa mtu wa nchi nyingine. Yanasema usikae kwenye kiti kifupi, panda ngazi kwa kushika reli, weka barafu mara kadhaa kwa siku. Barafu gani? Na mbona hayasemi neno juu ya choo? Wengi wetu tunatumia choo cha shimo, cha kuchuchumaa, na goti la bandia la kawaida hukunjika kiasi cha nyuzi 110 au 120. Kuchuchumaa kunataka zaidi ya hapo. Mimi nilitengenezewa na seremala kiti cha mbao chenye tundu, cha kuweka juu ya shimo, na kila anayetaka kufanyiwa upasuaji nimemwambia akitengeneze kabla ya kwenda, si baada ya kurudi. Halikadhalika kliniki ya mazoezi. Ili ukunje goti mbele ya mtaalamu, sharti kwanza ulikunje ndani ya Hiace, viti vimebanana, kondakta anagonga bati na kukuambia, "Bibi, songa kidogo." Nilikuwa nikifika kwa mtaalamu nimekwisha choka, na yeye ananiandika kuwa "mgonjwa hana bidii". Laiti angepanda nami gari lile mara moja tu.

Ingekuwa ajabu mahali pengine popote watu wakose subira juu ya mifupa, lakini kwa Maji ya Chai ni ajabu maradufu. Mto wetu ulipata jina kwa rangi ya maji yake, na maji ya upande huu wa Meru yana floridi nyingi inayotoka katika miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Nchi yetu kuanzia mwaka 1974, kwa sababu ya uhaba wa maji, ilivumilia hadi miligramu 8. Meno yetu ya kahawia ndiyo kitambulisho chetu, na tumewaona watoto waliopinda miguu na wazee waliokakamaa migongo. Sisemi kwamba floridi ndiyo iliyoharibu goti langu. Daktari alisema ni gegedu kulika kwa umri na mizigo. Nasema tu kwamba mtu wa hapa ameona kwa macho yake jinsi mfupa unavyokwenda pole. Madini yale huingia mfupani kidogo kidogo kwa miaka kumi, ishirini, hakuna anayeyasikia yakiingia. Pale Ngurdoto kipo kituo kilichofanya kazi ya kuyachuja maji hayo kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa na kusagwa. Hata mfupa wa ng'ombe basi unafanya kazi kwa utulivu. Iweje wa kwangu ukimbizwe?

Najua jibu linalonisubiri. Watasema namtetea mgonjwa alale tu. La hasha! Mgonjwa wa goti akilala tu, goti linakakamaa na damu yaweza kuganda mguuni. Nilikunja na kunyoosha mguu wangu kila siku, asubuhi, mchana na jioni, huku machozi yananitoka, na mjukuu akinihesabia. Mazoezi yana saa yake, na baada ya mazoezi kuna kupumzika, mguu umeinuliwa juu ya mito. Palizi si mazoezi. Kukata majani ya ng'ombe si mazoezi. Wala kukandwa kwa nguvu na mkandaji wa mtaani wiki ya tatu, eti goti "lifunguke", si mazoezi. Hilo ni balaa, na wanaolipendekeza ndio haohao wa "bado tu".

Tena uchovu wa kawaida una mipaka yake, na mgonjwa asinyamazie kila kitu kwa jina la subira. Muundi ukivimba na kuuma ghafla, pumzi ikikata, kifua kikichoma, homa ikipanda, kidonda kikitoa usaha au uwekundu ukienea, hapo ni hospitali siku ileile, hata kama ni usiku na gari ni la kukodi. Uchovu ukizidi badala ya kupungua, aombe apimwe damu. Mimi nilipimwa mwezi wa pili, nikapewa vidonge vya madini ya chuma, na baada ya hapo ndizi ya sita ilimenyeka.

Kwa wale wanaopenda kumtazama mgonjwa, na desturi hiyo naiheshimu, nina maombi machache. Msije kumi kwa pamoja Jumapili alasiri mkategemea chai. Mgonjwa akiwaandalia ninyi chai, nani amemtembelea mwenzake? Njooni wawili, kaeni dakika ishirini. Mmoja achote maji wakati mwingine anasalimia. Mwenye maharage alete, mwenye mayai alete, maana nyama ya mwili haijengwi kwa soda. Atakayetaka kusali, asali mimi nimeketi, maana goti hili halipigwi tena sakafuni. Na yule jamaa yangu wa mlangoni, kama anasoma ukurasa huu, ajue kwamba migomba ya upande wa mfereji haijapaliwa tangu Machi, na jembe liko nyuma ya banda la ng'ombe.