Uzamili wa Kompyuta Hauanzii kwenye Kompyuta

Kauli nne husikika Bujumbura, tangu Mutanga hadi Buyenzi, kila kijana anapotaka kusomea uzamili wa sayansi ya kompyuta. Zimewapotosha wengi, nazijibu moja moja.

"Ukijua kuandika programu, uko tayari."
Bado. Uzamili utakudai ueleze kwa nini programu yako ni sahihi, na itapiga hatua ngapi. Chukua majina 1,000,000 yaliyopangwa kialfabeti. Ukitafuta jina kwa kupekua moja moja, unaweza kufika hadi la mwisho. Ukifungua katikati na kila mara kuacha nusu isiyohusika, hatua 20 zinatosha, kwa sababu 2 kwa kipeo cha 20 ni 1,048,576. Asiyeweza kuonyesha hesabu hiyo kwenye karatasi atapata taabu wiki ya kwanza.

"Aliyesoma hisabati au fizikia si wa huku."
Mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra alisoma fizikia Chuo Kikuu cha Leiden, na mwaka 1956 akabuni njia ya kutafuta barabara fupi kuliko zote kati ya miji miwili. Matrisi na nadharia ya uwezekano ndiyo mihimili ya ujifunzaji wa mashine. Pengo la aliyetoka hisabati au fizikia ni miundo ya data na mifumo ya uendeshaji. Aanze kuliziba mapema.

"Umeme unakatika na intaneti ni ghali, tutajiandaaje?"
Shida hiyo ni ya kweli, na inaumiza. Lakini Dijkstra huyo huyo alisimulia kwamba njia yake aliibuni kwa dakika kama 20 akiwa mkahawani Amsterdam, bila kalamu wala karatasi. Uthibitisho hauhitaji chaji. Kitabu kimoja, daftari na wenzako wawili wa kukukosoa vitakufikisha mbali.

"Kiingereza utakijua huko huko."
Chuo Kikuu cha Burundi hufundisha kwa Kifaransa. Makerere, na Carnegie Mellon pale Kigali, hufundisha kwa Kiingereza. Muhula haumsubiri anayetafuta maneno. Unayeijua hoja kwa Kifaransa umeshapata sehemu iliyo ngumu; iliyobaki ni kuizoeza lugha nyingine kabla ya safari.

Basi jioni ya leo chukua daftari, uthibitishe kwa nini hatua 20 zinatosha. Kesho mweleze mwenzako kwa Kiingereza, mpaka akose swali.