Nani Atawaimba Keya?

Mwezi Oktoba 2024 alifariki dunia Jenerali David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, akiwa na umri wa miaka 104. Alisifiwa kwa Vita vya Kagera, na sifa hiyo ilikuwa haki yake: aliiongoza Divisheni ya 20 mwaka 1979, kisha akawa Mkuu wa Majeshi kutoka 1980 hadi 1988. Lakini sare ya kwanza aliyoivaa haikuwa ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Mwaka 1942 aliingia King's African Rifles, jeshi la mfalme wa Uingereza, ambalo wazee wetu waliziokota herufi zake tatu, KAR, wakazitamka kwa ulimi wao na kuliita Keya. Akapelekwa vitani Bukini, kisiwa ambacho ramani za leo zinakiita Madagaska.

Kila mzee wa namna hiyo anapozikwa, sura moja ya kitabu ambacho hakijaandikwa inazikwa naye. Wa kulaumiwa ni nani? Wengi watamnyooshea kidole Mwingereza, na wengine wataitaja serikali. Mimi nasema hivi, na atakayechukia na achukie: Keya lilikuwa jeshi lililoishi kwa Kiswahili, na wapenzi wa Kiswahili ndio waliolinyima historia.

Najua jibu litakalonijia kutoka mabarazani: "Hayo ni mambo ya bara, sisi visiwani yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Keya iliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Uganda, Afrika Mashariki ya Waingereza na Nyasa. Ilipofika 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, vikosi vipya viliongezwa. Kikosi cha 6 kilifufuliwa kwa kuwachukua askari weusi waliokuwa wakimtumikia Mjerumani, wakageuziwa bendera na kuambiwa wampige bwana wao wa jana. Kikosi cha 7 kilitokana na askari wa Unguja na Mafia. Basi asiyetaka kusikia habari za Musoma na asikie za nyumbani kwake.

Hata hivyo Musoma ndiko jambo hili linakoonekana wazi zaidi. Siku hizo Bunda na Butiama zilihesabiwa ndani ya Musoma. Maofisa wa Kiingereza walikuwa na imani yao kwamba Mungu aliumba makabila ya vita na makabila ya maneno. Mtu wa pwani, kwa macho yao, alikuwa wa maneno: mjuzi wa sheria, mwepesi wa kudai, mgumu wa kutumwa. Askari walimtafuta mbali na skuli na soko, katika nchi za wafugaji na wawindaji. Wakuria wa Tarime wakapachikwa jina hilo la watu wa vita, na majirani zao hawakuachwa. Imani hiyo ilikuwa upuuzi, lakini upuuzi wenye mshahara una nguvu. Kodi ilidaiwa kwa fedha na mahari ililipwa kwa ng'ombe. Kijana akapima: mshahara wa askari unageuka ng'ombe, ng'ombe wanageuka mke, mke anageuka mji. Hivyo ndivyo mfalme wa London alivyowapata watu wa Ziwa. Hakuwapata kwa mapenzi yao kwake.

Kijana huyo alifika kambini na Kizanaki chake, au Kiikizu, au Kijita, au Kikuria. Akamkuta Mnyamwezi, Mhehe, Msukuma, Mngoni. Wakasemezana kwa lugha gani? Kwa Kiswahili. Ofisa Mzungu naye alilazimika kujifunza Kiswahili, la sivyo hakuwa na njia ya kuzungumza na watu wake. Kwa lugha hiyo walipangiwa zamu, waliandikiwa barua za nyumbani, waliimba safarini, na waliambiana maneno ya mwisho kabla ya roho kutoka. Kabla ya redio kuingia vijijini na kabla ya Azimio la Arusha, Keya ilikwisha kuwa madrasa ya Kiswahili katika nchi ambazo mwalimu wa Unguja hakuwahi kuzikanyaga.

Waungwana wa pwani walipokisikia Kiswahili hicho walicheka. Wakakiita Kikeya, na mpaka leo jina hilo ni tusi. Askari alisema "hii watu nakwenda wapi", nasi tukashika mbavu. Ni kweli, ngeli zilikuwa zimevunjika miguu. Lakini hebu tuhesabu tulichokipokea kutoka kambini huku tukicheka: kuruta, gwaride, korokoroni, kombati, sajini, koplo. Kariakoo yenyewe, soko ambalo hakuna Mtanzania asiyelijua, ni jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, ambao waliobeba mizigo ya majeshi ya Mwingereza katika vita vya 1914 hadi 1918 na kufa wanakadiriwa kuwa karibu 100,000. Mshairi anayekopa neno la Kiarabu au la Kiajemi na kulipamba kwa fahari, kwa sababu gani alionee haya neno lililoletwa na mtu wa Bunda kutoka uwanja wa vita?

Sasa tutazame historia iliyoandikwa. Iko, na ni nene. Kitabu kikubwa cha Keya kilitungwa na ofisa Mwingereza, Hubert Moyse-Bartlett, kikachapishwa mwaka 1956. Mimi sikusoma chuo kikuu. Kiingereza nilikisaka kwa kamusi, usiku, neno kwa neno. Kwa njia hiyo nimejifunza kwamba kila mwandishi wa vita huandika majina ya watu anaokula nao meza moja. Ofisa ana jina, ana shule aliyosoma, ana jeraha na tarehe yake. Askari ana idadi.

Mfano mmoja unatosha. Tarehe 19 Mei 1941, huko Colito nchini Uhabeshi, batalioni ya kwanza ya Kikosi cha 6, kikosi cha Tanganyika, ilipambana na vifaru vya Waitalia. Sajini Nigel Leakey, Mzungu wa Kenya, alirukia kifaru cha adui na kukiteka, akarukia tena kingine, akauawa. Mwaka 1945 Uingereza ikampa, akiwa amekwisha kufa, Msalaba wa Victoria, nishani yake kubwa kuliko zote za vita. Alikuwa shujaa, sikatai. Ninachouliza ni hiki: waliokuwa ubavuni mwake siku ile, wakizikabili chuma zile zile, waliitwa nani? Katika vita vyote viwili vikuu hakuna askari mweusi hata mmoja wa Keya aliyepewa Msalaba wa Victoria. Walipewa nishani nyingine za ushujaa, na nyingi. Mlango ule wa juu haukufunguliwa. Ama ushujaa una rangi, ama mizani ilikuwa na kidole juu yake.

Batalioni hiyo hiyo ilipelekwa Bukini mwaka 1942 kupigana na Wafaransa wa serikali ya Vichy. Batalioni nyingine mbili za Tanganyika, ya 26 na ya 36, zilivushwa bahari hadi Burma. Mwaka 1944, katika mvua za masika ya Asia, zilipita bonde la Kabaw ambalo kwa malaria yake liliitwa bonde la mauti, zikashuka mpaka Kalewa kwenye mto Chindwin. Mfikirie mtu aliyezaliwa mahali ambapo maji makubwa ni Ziwa Viktoria, akilala ndani ya matope ya Burma kwa ajili ya ugomvi wa Mjapani na Mwingereza. Dar es Salaam ipo sanamu yake ya shaba, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa ajili ya vita vilivyotangulia, singe imeelekezwa bandarini. Maneno yake yameandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, cha herufi za Kiarabu na cha herufi za Kirumi. Yote yamo isipokuwa jina la mtu.

Halafu uhuru ukaja. Tarehe 9 Desemba 1961 Keya ya Tanganyika ikabadilishwa jina na kuitwa Tanganyika Rifles. Maofisa wakabaki Waingereza. Kambi ya Dar es Salaam ikaitwa Colito, ya Tabora ikaitwa Kalewa. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, siku nane tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, askari wa Colito waliasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa kigeni; Tabora ikafuata. Tarehe 25 wakazimwa na makomando wa Uingereza walioitwa na serikali yenyewe. Fedheha hiyo ilimuuma Mwalimu Nyerere kuliko mtu yeyote. Akalivunja jeshi lile, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi, la pande zote mbili za Muungano.

Wapenzi wa tungo wataona ajabu iliyomo humu. Butiama moja ilimzaa askari wa Keya na mfasiri wa Shakespeare. Mwaka 1943, askari wa rika lake walipokuwa kambini na vitani, Nyerere aliingia Makerere. Tafsiri yake ya Julius Caesar, tamthilia ya wenye silaha wanaojitwalia hukumu ya dola, ilitoka mwaka 1963. Miezi michache baadaye askari wake mwenyewe walishika bunduki. Mwaka 1969 akairudia tafsiri ile, akaipa jina la Juliasi Kaizari. Mtu huyo alijua uzito wa neno. Ndiyo maana Colito ikawa Lugalo, mahali ambapo Wahehe walimvunja Zelewski na jeshi lake la Kijerumani mwaka 1891, na kambi ya Tabora leo inabeba jina la Mirambo.

Naunga mkono majina hayo kwa mikono miwili. Lakini kubadilisha kibao ni kazi ya siku moja. Kusimulia kilichokuwa nyuma ya kibao ni kazi ya kalamu, na kalamu zililala. Mtoto wa leo anaijua Lugalo. Ukimuuliza Colito ni nini, atakutazama machoni kama uliyemsemesha kwa lugha ya majini. Babu yake pengine alikuwapo.

Nasikia pingamizi la pili, lenye uzito zaidi. Watasema: hao walikuwa mbwa wa mkoloni. Askari wa Kikosi cha 6 hawakutumwa Kenya katika miaka ya 1950 kuwawinda wapigania uhuru wa Mau Mau? Walitumwa. Keya haikuwaua Waafrika wenzao? Iliwaua. Wala sitaki mtu atunge sifa za kuificha damu hiyo. Ila huyo huyo Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China na kuiongoza Mau Mau msituni, vita alivijulia Burma ndani ya Keya. Idi Amin naye alitoka Keya, alikoingia mwaka 1946. Mwaka 1979 Musuguri alipomfukuza Amin, walikuwa watu wawili waliopigishwa gwaride na bwana mmoja. Jeshi lililomzaa mkombozi, likamzaa dhalimu, likamzaa na mtiifu aliyetaka ng'ombe wa mahari tu, hilo haliwezi kuelezwa kwa neno moja la sifa wala kwa tusi moja.

Na fani ya kulieleza tunayo. Utenzi wetu haujawahi kuogopa kushindwa. Hemedi Abdallah aliutungia Mrima ulivyotwaliwa na Wajerumani. Abdul Karim Jamaliddini aliitungia Maji Maji. Wote wawili waliimba vita vilivyopotea, na hawakufuta machozi wala aibu. Shaaban Robert alitunga utenzi mrefu wa vita vya 1939 hadi 1945, naye alikuwa karani wa serikali, mbali na uwanja wa mapigano. Upande wa aliyekuwa uwanjani bado haujatungwa.

Basi nasema na wenzangu. Mfasiri na akichukue kile kitabu cha 1956 akifasiri, na pale penye idadi bila jina aandike pembeni: "Hapa pana watu." Mtunzi na apande basi mpaka Musoma, ashuke Bunda, aingie Butiama. Waliokwenda Burma wamekwisha, lakini wajane na watoto wapo. Masanduku ya bati yapo, na vyeti vya kuachishwa jeshi vimo ndani yake. Nyimbo za safari zipo vinywani mwa waliozisikia utotoni. Naziandikwe kama zilivyo, kwa Kikeya chake, bila ya mtu kuzinyoosha ngeli. Na Butiama, penye Makumbusho ya Mwalimu, pana haki ya kuwa na meza ya vyeti hivyo karibu na vitabu vya mfasiri.

Naanza mimi kwa beti mbili. Aliye bora kuliko mimi, na hao ni wengi, azipokee aendeleze.

Jiwe halina majina,
Shaba ndiyo waiona,
Wafu hatujawanena
Kwa lugha walotumia.

Musoma hadi Kalewa,
Bukini wakatupiwa,
Jina wakaondolewa,
Nani wa kuwarudia?