Gari la Mtoto Linaporuka

Mwezi huu nilikusudia kuendelea na somo letu la kumwachisha mtoto ziwa, lakini limetokea jambo nyumbani kwangu hapa Mukendo ambalo naona si vema kulinyamazia. Linahusu gari la kuchezea. Tafadhali usigeuze ukurasa. Najua wengi mtasema mambo ya magari ni ya akina baba na watoto wa kiume. Hata mimi nilisema hivyo.

Kaka yangu anayefanya kazi Muscat alimletea mwanangu wa mwisho, aliye darasa la tano, gari la rimoti la aina ile yenye matairi makubwa kupita kiasi. Asili ya magari hayo ni Marekani. Huko bwana mmoja wa jimbo la Missouri, Bob Chandler, alilipandisha gari lake la Ford juu ya matairi makubwa akaliita Bigfoot, na mwaka 1981 akapita nalo juu ya magari mabovu yakasagika. Baadaye wakaanza kuyarusha hewani mbele ya watazamaji, na watengenezaji wa vitu vya kuchezea wakatoa madogo yake. Hili la mwanangu lina urefu wa nusu mita na uzito wa kama kilo 3 pamoja na betri yake.

Nilifanya wanavyofanya wengi wetu. Nilimruhusu alicheze siku ya Krismasi, kisha nikalirudisha kwenye mfuko wake wa nailoni na kulipanga kwenye kabati la sebuleni, kati ya vikombe vya wageni na saa iliyokufa. Nyumba ngapi mjini hapa ukiingia unakuta mwanasesere bado yumo ndani ya boksi lake, na mtoto aliyeletewa amekwisha kuoa? Nikamwambia mwanangu kwa ukali, "Ukilivunja hili, hutanisahau." Nikaenda kazini.

Ikawa jioni moja nimetoka zamu, yapata saa tatu usiku. Nilipoingia chumba cha watoto nikasikia harufu tamu, kama ya rangi ya kucha. Watoto watatu wamelala ndani ya vyandarua. Nikafuata harufu hadi chini ya kitanda, nikaona taa nyekundu ya chaja inawaka, na kando yake betri ya lile gari imevimba kama andazi. Ukingo wake mmoja ulikuwa umebonyea. Chandarua kilikuwa kinaigusa.

Nilichomoa chaja ukutani kwanza, nikaibeba betri kwa koleo la mkaa, nikaiweka nje juu ya mchanga wa ujenzi mbali na ukuta, kisha nikakaa kizingitini miguu ikitetemeka. Baba yao alipoamka na kusikia habari, jambo la kwanza alitafuta fimbo. Nikamwomba angoje hadi asubuhi.

Asubuhi mtoto alieleza yote. Siku tatu nyuma, nikiwa kazini, alilitoa gari kabatini na kulirusha kutoka barazani. Baraza letu lina kimo cha kama mita 1, na chini yake ni saruji. Gari lilitua kwa pua. Mkono mmoja unaoshika tairi la mbele ukakatika, na betri, ambayo hakuifunga kwa mkanda wake, ikachomoka ikagonga ukingo wa ngazi. Aliogopa kuniambia. Akalificha chini ya kitanda, akawa anajaribu kuichaji usiku aone kama bado lina uhai.

Akina mama, nimekuwa muuguzi miaka mingi, na katika kazi hii mtu hujifunza kuuliza: mgonjwa alichelewa kuletwa kwa sababu gani? Hapa jibu lilikuwa mimi. Gari lilivunjika kwa sababu hakujua kulitua, na betri ilifichwa kwa sababu ya maneno yangu ya Krismasi. Fimbo haikutumika.

Nilimpeleka yeye na gari lake kwa fundi wa redio na simu. Nilitegemea atacheka. Badala yake alilipindua, akalitazama tumboni kama tunavyomkagua mtoto mchanga, akasema, "Sista, haya yametengenezwa yaruke. Mfundishe kutua." Mkono uliovunjika aliuchonga upya kutoka kwenye kibao cha plastiki cha kukatia nyama. Umeshika mpaka leo. Betri nyingine tulinunua, na ile iliyovimba aliibakiza yeye ndani ya kopo la mchanga.

Hebu sasa niwaeleze tulichojifunza, maana mtoto wako naye ataletewa la kwake, au ataazima la jirani.

Kinachovunja gari ni kusimama ghafla. Gari la kilo 3 likianguka kutoka mita 1 hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 16 kwa saa. Likisimamishwa ndani ya sentimita 1 tu, kama linapogonga saruji kwa tumbo, nguvu inayolipiga ni kama uzito wa kilo 300, yaani magunia matatu ya mahindi ya kilo mia. Lakini likitua kwa magurudumu yake manne, springi na shokapu zikashuka sentimita 5 kabla halijasimama, nguvu hiyo hupungua mpaka kama kilo 60, uzito wa mtu mzima mmoja. Gari ni lile lile na kimo ni kile kile.

Sisi wauguzi tunalijua hili bila kupiga hesabu. Msimu wa maembe ukifika, huletwa watoto walioanguka mitini, na wengi wamevunjika mkono karibu na kiganja kwa sababu waliunyoosha mkono ukakaza ili kujikinga. Yule aliyeruka mwenyewe akatua kwa miguu yote miwili, akakunja magoti, huenda nyumbani akicheza. Magoti ndiyo shokapu zetu. Kuanguka si mchezo. Kijana Eutiko wa Matendo ya Mitume sura ya 20 alianguka kutoka orofa ya tatu akaokotwa amekufa, naye Paulo hayuko kila kichochoro.

Basi jambo la kwanza ni mahali pa kutua. Saruji, lami na mawe havisamehe, na watoto wa hapa Musoma wamezaliwa juu ya mawe. Tulitafuta mteremko wa udongo wenye nyasi fupi. Mteremko ni bora kuliko uwanja tambarare, kwa kuwa gari linaloshuka likikutana na ardhi inayoshuka vilevile, huendelea kuteleza nayo mbele badala ya kubamizwa. Mwanangu aliweka ubao juu ya tofali moja, mrefu, wenye mwinuko wa pole, na mahali pa kuangukia akaulaza udongo uwe na mteremko. Wiki ya kwanza niliruhusu tofali moja tu. Kimo kikiongezeka maradufu, kipigo cha kufyonzwa nacho huongezeka maradufu, kwa hiyo hakuna haja ya haraka.

La pili lilinishangaza, nami sikuamini mpaka nilipoliona: gari huongozwa likiwa hewani. Magurudumu yakizungushwa kwa kasi mbele, mwili wa gari hujibu kwa kuinua pua. Ukifunga breki, pua hushuka. Kwa hiyo mtoto akiona gari linaelekea kuanguka kwa pua, anaongeza mwendo kidogo; likiinua pua mno, anagusa breki. Lakini muda ni mfupi kweli. Kutoka mita 1 hadi chini ni chini ya nusu sekunde. Ndiyo maana mazoezi huanza chini, ambako makosa hayagharimu kitu, mpaka kidole kijue kazi yake bila kuambiwa.

Kisha kuna kosa ambalo fundi alisema huua gia za magari haya kuliko jingine lolote: kutua huku kidole kimekamata mwendo wote. Matairi hewani hayana kizuizi, yanazunguka kama wazimu, halafu yanagusa ardhi iliyoyasubiri. Mshtuko wote unapanda kwenye propela na meno ya gia. Dawa yake ni kulegeza kidole kabla ya kugusa chini, magurudumu yazunguke karibu sawa na mwendo wa gari lenyewe, kisha kuongeza tena likiwa limetulia. Usukani nao uwe umenyooka. Tairi lililokatwa kona likipokea uzito wote, ule mkono mwembamba ndio unaolipa.

Kabla ya kuruka, betri ifungwe mkanda wake, nati za matairi zikazwe, na shokapu zibonyezwe kwa mkono kuona kama zinapanda polepole au zinadunda kama mpira. Za magari ya bei nzuri zina mafuta ndani; yakivuja hubaki springi tupu, na gari hupiga tumbo chini kila likitua. Za bei rahisi huwa springi tupu tangu mwanzo. Gari kama hilo liruke kimo cha kiganja basi, hata mtoto alie.

Nimefikiri sana juu ya vile vigari vya waya tulivyoviona utotoni, ambavyo kaka zetu walivitengeneza kwa waya na vipande vya ndala. Vilirushwa mawe hadi mawe kutwa nzima na mara chache vilivunjika. Vilikuwa vyepesi, waya ulikubali kupinda, na ndala ilikuwa laini. Kikipinda, unakinyoosha. Hakuna aliyekifungia kabatini.

Na wale wa magari makubwa hutenda vivyo hivyo. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na kwetu Tanganyika. Joginder Singh wa Kenya aliyashinda mwaka 1965, 1974 na 1976, na kwa Kiingereza wakampa jina lenye maana ya Singasinga Anayeruka. Mashindano hayo yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, watoto wengi wa Afrika Mashariki waliona kwenye televisheni magari yakipaa juu ya vilima. Kile ambacho hakikuonekana vizuri ni yule msaidizi aliyekaa kando ya dereva akimsomea daftari, akimweleza kilichoko ng'ambo ya kilima kabla hawajakifikia. Dereva anaruka akijua atatua wapi. Nilimwambia mwanangu hivyo, na sasa kabla ya kuruka hutembea kwa miguu mpaka mahali pa kutulia, anaokota vijiwe na kumwondoa mdogo wake njiani. Hilo la mdogo wake nalisisitiza. Gari la kilo 3 linaloshuka kutoka hewani linaweza kumvunja mtoto meno. Watazamaji wote wakae nyuma ya anayeshika rimoti.

Sasa niirudie betri, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Betri za lithiamu zilizo kwenye mfuko laini hazipendi kipigo. Baada ya gari kutua vibaya, itoe betri uiangalie na kuipapasa. Ikiwa imebonyea, imevimba, ina joto au inatoa harufu tamu, haichajiwi tena hata kama inaonyesha uhai. Usiitoboe kutoa hewa, usiikandamize irudi, wala usiitupe jalalani ambako watoto huokota. Itoe nje, iwekwe kwenye kopo lenye mchanga, kisha apewe fundi anayeelewa. Hata betri nzima huchajiwa mchana, juu ya saruji au sahani ya bati, na mtu mzima akiwepo. Kamwe si kitandani, si karibu na chandarua, wala si usiku watu wamelala.

Rimoti za vigari vidogo mara nyingine huwa na betri bapa za mviringo mfano wa sarafu. Kifuniko chake huruka kirahisi rimoti ikidondoka. Mtoto mdogo akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza ndani kwa muda wa saa 2 tu. Usimtapishe. Mkimbize hospitali ile ile saa. Kama amepita mwaka mmoja na anameza vizuri, mpe njiani vijiko viwili vidogo vya asali kila baada ya dakika 10, si zaidi ya mara sita, lakini usichelewe hata dakika moja kwa kuitafuta asali.

Kabati langu sasa lina nafasi tupu kati ya vikombe na saa. Gari linakaa kwenye ndoo nyuma ya mlango, limejaa mikwaruzo, na tumekubaliana kwamba kila kinacholegea au kuvunjika huletwa mezani siku hiyo hiyo, bila kelele kutoka kwangu. Mara moja nimeshindwa nikapiga kelele, nikaomba msamaha.

Jumamosi iliyopita baada ya mazoezi ya kwaya nilikwenda kuwatazama. Tofali sasa zimefika tatu. Mwanangu akanikabidhi rimoti akasema, "Jaribu na wewe, Mama." Vijana wa jirani wakakaa kimya kwa adabu. Gari lilipanda ubao, likapaa vizuri kabisa, nami kwa hofu nikafunga breki. Likashuka kwa pua, likabingirika mara mbili kwenye nyasi. Mwanangu akalikimbilia, akatoa betri, akaipapasa pande zote, akaupinda mkono wa fundi huku na huku.

"Halina kitu," akasema. "Ila umefunga breki hewani, Mama. Turudi tofali moja."