Asilimia Ikishuka, Tuulize Waliokufa ni Wangapi

Toleo hili tumewaandalia wauguzi, walimu na wahudumu wa afya wa kambi za wavuvi kandokando ya Ziwa Tshangalele, karibu na Likasi. Hao ndio wanaosimamishwa njiani na kuulizwa: “Ukimwi umepungua au umeongezeka?” Wengi hujibu kwa asilimia ya wenye virusi waliyoisikia redioni. Tangu dawa za kufubaza virusi (ARV) zienee, asilimia hiyo peke yake haiwezi kulijibu swali hilo.

Tshangalele si ziwa la asili. Ni maji ya Mto Lufira yaliyozuiwa Mwadingusha, ambako umeme ulianza kuzalishwa mwaka 1930. Kila mvuvi anajua kwamba kina cha ziwa hutokana na maji yanayoingia na yanayoachiwa ukutani. Ukuta ukibana, ziwa hujaa hata mwaka wa mvua haba. Ndivyo ilivyo idadi ya wanaoishi na virusi vya ukimwi (VVU): huingia kwa maambukizi mapya, hutoka kwa vifo. Dawa zimebana vifo. Mwaka 2023, kwa makadirio ya UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la ukimwi, watu milioni 1.3 waliambukizwa duniani na 630,000 wakafa. Basi wenye virusi wakaongezeka, ingawa maambukizi mapya yalikuwa yakipungua mwaka hadi mwaka.

Uganda ndiyo ifundishayo zaidi. Utafiti wa 2004–05 ulikuta asilimia 6.4 ya watu wa miaka 15–49 wana VVU. Ule wa 2011 ukakuta 7.3, na nchi iliyokuwa ikisifiwa kote ikaanza kulaumiwa. Maambukizi mapya yalikuwepo, hilo halina ubishi. Lakini katika ongezeko hilo walikuwemo pia akina mama na akina baba ambao, bila dawa, wangekuwa wameshazikwa. Miaka ya 1990 mambo yalikuwa kinyume: kiwango kilishuka, dunia ikapiga makofi, na mwaka 2005 watafiti wa wilaya ya Rakai, Uganda, wakaeleza kwamba vifo vilichangia sana mshuko huo. Makofi mengine yalipigiwa makaburi.

Dawa huvuruga hata kipimo chenyewe cha maambukizi mapya. Ili kujua nani ameambukizwa karibuni, maabara huangalia ukomavu wa kingamwili katika tone la damu. Mtu aliyetumia ARV miaka mingi kingamwili zake hufifia, na damu yake yaweza kusomeka kama ya aliyeambukizwa juzi. Ndiyo sababu tafiti za kitaifa za VVU ziitwazo PHIA, zilizofanyika Tanzania na Uganda 2016–17, zilipima pia wingi wa virusi kabla ya kukadiria maambukizi mapya.

Kwetu Kongo, utafiti wa kitaifa wa afya, EDS, wa 2007 ulikuta asilimia 1.3 wana VVU, ule wa 2013–14 ukakuta 1.2. Ukizisoma haraka utadhani hakuna kilichobadilika. Tarakimu hizo haziwezi kutuambia wangapi waliokolewa na wangapi waliambukizwa katikati ya tafiti hizo mbili.

Jambo hili linaniuma zaidi sasa. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mpango wake wa ukimwi, PEPFAR, ambao nchini mwetu umejikita Kinshasa, Haut-Katanga na Lualaba, ukatikisika. Dawa zikikosekana watu watakufa, na vifo hivyo vitaivuta asilimia chini. Atatokea afisa wa kutangaza mafanikio, na hesabu yake haitakuwa na kosa.

Kwa hiyo nawaomba wote wanaoandika ripoti za zoni ya afya: msiiache asilimia peke yake. Andikeni pembeni yake walioanza dawa, walioziacha na waliokufa. Watengeni vijana wa miaka 15 hadi 24, maana wao hawajaishi na virusi muda mrefu, na kiwango chao huonyesha vizuri zaidi mwendo wa maambukizi mapya. Na ninyi watangazaji wa Likasi, mkiletewa asilimia tupu, irudisheni na mdai hesabu iliyobaki kabla hamjaisoma hewani.